Kofia ya Uhuru, Riba ya Asilimia 48

Neno letu "dinari" lina asili yake Roma. Denarius ilikuwa sarafu ndogo ya fedha, gramu nne hivi, na kwa zaidi ya miaka 150 haikuwahi kubeba uso wa Mroma aliye hai. Ilibeba miungu, mababu, magari ya farasi. Mwaka 44 KK Julius Caesar akaweka sura yake. Machi 15 mwaka huo huo wakamuua.

Marcus Brutus, mmoja wa wauaji, akachapa sarafu zake mwaka 42 KK ili alipe jeshi. Upande mmoja kuna majambia mawili, na katikati kofia aliyovaa mtumwa akiachwa huru. Chini yake, tarehe ya mauaji. Hata asiyejua kusoma anaelewa: tumeua, mko huru. Sasa igeuze. Uso wa nani huo? Wa Brutus mwenyewe.

Wengi huishia hapo, wanacheka. Lakini kwangu uso ni kitu kidogo. Barua za Cicero zinaeleza kwamba Brutus aliukopesha mji wa Salamis, kisiwani Saiprasi, kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka, akijificha nyuma ya majina ya watu wengine. Wakala wake aliwazingira madiwani ukumbini mwao hadi watano wakafa njaa. Hao hawakuletewa kofia.

Je, unafiki wa mchapaji unaifanya alama yenyewe iwe uongo? Nasema hapana. Kofia ile haikuwa mali ya Brutus. Aliikopa kwa watumwa, tena bila riba. Ilikuwa na maana kabla yake na ikabaki nayo baada yake. Kile isichoweza kufanya ni kumtetea.

Kwetu, Ibara ya 231 ya Katiba ya 2010 inakataza picha ya mtu kwenye pesa. Tangu 2018 sarafu zetu zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Napenda hivyo, kusema kweli. Lakini mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, na nimewahi kukopa kwa simu ili nilipe rent. Aliyepiga simu kunidai hakujali kama nitalipa kwa simba au kwa ndovu.

Kwa hivyo mtu akikuonyesha alama ya uhuru, usimalize nguvu zote kubishana kuhusu picha. Uliza pia anamdai nani, na kwa riba gani.