Namba 30 ni Nani?

Chukua kikoba cha wanawake 30 kinachotaka kuachana na kaunta buku. Kukitengenezea hifadhidata ni kazi ya jioni moja. Majedwali mawili yanatosha: la wanachama, lenye namba, jina na simu, na la michango, lenye namba, kiasi, tarehe, na namba ya mwanachama aliyetoa. Injini ni SQLite, ambayo huweka kila kitu ndani ya faili moja tu. Juu yake inakaa SQLAlchemy, mojawapo ya zile programu za kupatanisha majedwali na vitu ambazo mafundi huziita ORM. Fundi anaandika darasa la Mwanachama kwa lugha ya Python, anataja safu zake, na mpatanishi anayaunda majedwali mwenyewe. Tangu hapo amri za SQL si lazima tena. Fundi akiandika mwanaidi.michango, orodha ya michango ya Mwanaidi inakuja kana kwamba Mwanaidi mwenyewe ameitoa mfukoni. Lakini ndani ya kazi hiyo ndogo limelala swali ambalo wanafalsafa wanalo tangu enzi za Wayunani: ni nini kinachokifanya kitu kiwe kile kile, kisiwe kingine kinachofanana nacho? Ninachokiona ni kwamba katika kumbukumbu za maandishi, jibu halipatikani ndani ya kitu wala katika sifa zake. Utambulisho ni ahadi inayotunzwa na wanaoandika, na mpatanishi, pamoja na wema wake wote, huificha ahadi hiyo hadi tukadhani tumemshika mtu.

Tuanze na jedwali lenyewe. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za aina hii. Kwake jedwali ni seti ya kauli: kila mstari ni sentensi inayodaiwa kuwa kweli. Kwa hiyo mstari hauna nafsi nje ya thamani zilizomo. Kuuandika mara mbili ni kusema jambo lile lile mara mbili, na seti haihesabu marudio. Hapa Codd na Leibniz wameketi mkeka mmoja, kwani mwanafalsafa Leibniz alishikilia kwamba hakuna vitu viwili vinavyoshirikiana sifa zote. Sasa waingie kikobani kina Mwanaidi Juma wawili, mtu na wifi yake, wanaotumia simu moja ya nyumbani. Ukiondoa safu ya namba, jedwali linamwona mtu mmoja. Utasema ongeza safu ya tarehe ya kuzaliwa, na hapo Leibniz atatabasamu; lakini mwanafalsafa Max Black alikwisha kumjibu mwaka 1952 kwa mfano wa tufe mbili za chuma zinazofanana kabisa, peke yake katika ulimwengu mtupu. Ni mbili, na hakuna sifa ya kuzitenga. Codd naye alirudi mwaka 1979 na makala nyingine, akapendekeza vitu vipewe vitambulisho vinavyotolewa na mfumo, visivyosema lolote juu ya kitu chenyewe. Ndiyo maana ya ile safu ya namba tunayoiweka leo bila kufikiri.

Tazama namba hiyo inavyozaliwa. Fundi anaandika mstari wa kumuumba Mwanachama mpya mwenye jina la Mwanaidi Juma, kisha anaiuliza programu namba yake. Jibu ni None: hana. Jina analo, simu anayo, lakini katika kikoba hayupo. Fundi anaamuru ahifadhiwe, anauliza tena, anajibiwa 30. Msomaji wa mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, atakuwa ameliona jambo analolifahamu: dhati ya kitu haibebi kuwapo kwake, na kuwapo hukijia kutoka nje, kwa sababu iliyo nje yake. Hiyo 30 haikutoka kwa Mwanaidi. Ilitoka katika hesabu ya injini, iliyotafuta namba kubwa kuliko zote jedwalini ikaongeza moja.

Na hapo ndipo penye mtego. Mwanaidi, aliyeandikishwa wa mwisho, anajitoa. Mtu anaufuta mstari wake kwa amri ya SQL ya moja kwa moja. Michango yake inabaki katika jedwali la pili ikiwa na namba 30, kwa sababu kwa kawaida SQLite hailindi funguo za kigeni, yaani namba zinazotaja mistari ya jedwali jingine, mpaka iamriwe, tena iamriwe upya kila inapofunguliwa. Wiki ya pili anajiunga mwanamke mwingine, tumwite Rehema. Injini inatafuta namba kubwa kuliko zote, inakuta 29, inaongeza moja. Fundi anaandika rehema.michango, na mpatanishi kwa adabu zote anamletea shilingi ambazo Rehema hakuzitoa. Laiti kungekuwa na jedwali la mikopo, angerithi na madeni. Hakuna taarifa ya kosa, na hakuna mstari wa programu uliokosea sarufi yake. Kila chombo kimefanya kilichoahidiwa, ila hakuna aliyeahidi kwamba 30 ya jana na 30 ya leo ni mtu mmoja. Tulilichukulia hivyo wenyewe, kwa kuwa mpatanishi alitupa kitu chenye jina la mtu na nukta mbele yake.

Mtetezi wa vitu atapinga kwamba nimechagua upande mbovu. Jedwali ni karatasi tu, atasema. Kitu kilicho hai ndani ya programu kina utambulisho wake halisi. Ana ushahidi pia: ndani ya kipindi kimoja cha mazungumzo na hifadhidata, ukimwomba SQLAlchemy mwanachama namba 30 mara mbili, anakupa kitu kile kile, si nakala mbili, kwa sababu anaweka orodha ya aliokwisha kuwaleta. Ni ubunifu wa kupendeza, lakini fungua kipindi cha pili kando na umwombe huko: utapata kitu kingine kabisa kwa mwanamke yule yule. Basi orodha ndiyo iliyokuwa ikitunza umoja wake. Na ukishuka zaidi, katika Python iliyo ya kawaida, utambulisho wa kitu ni anwani yake katika kumbukumbu ya kompyuta. Kitu kikifa, anwani ile inaweza kupewa kingine. Ni kiti cha daladala: anashuka huyu Magomeni, anakaa yule, na kiti hakijui tofauti. Maradhi ya jedwali yako na huku.

Pingamizi la pili ni la mafundi, nalo lina uzito zaidi. Huo ni uzembe tu, watasema. Washa ulinzi wa funguo za kigeni, iamuru injini isirudie namba, usifute wanachama, badala yake weka safu ya tarehe ya kutoka. Falsafa ya nini hapo? Nakubaliana na dawa zote tatu, na kikoba kinachozikataa kinajitafutia ugomvi. Lakini zitazame ni za aina gani. Hakuna hata moja iliyogundua jambo jipya kumhusu Mwanaidi. Zote ni miiko ya watunzaji: hatutafanya hivi, hatutaruhusu vile. Fundi anayedai kwamba miiko imemaliza swali ndiye aliyelijibu kama ninavyolijibu mimi, ila hajataka kusikia jibu lake.

Lipo pingamizi la karibu na nyumbani. John Mbiti, Mkenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtu huwa mtu ndani ya jamii yake. Na kwa kuwa tumezoea kuziita hifadhidata hizi za uhusiano, inavutia kusema Codd kaandika kwa hisabati kile ambacho mabibi zetu walikijua. Sivyo. Uhusiano wa Codd ni istilahi ya hisabati inayotaja jedwali lenyewe. Haitaji nyuzi zinazounganisha jedwali na jedwali. Na nyuzi hizo, zikilindwa, hudai kinyume cha Mbiti: lazima mwanachama awepo kwanza na namba yake ndipo mchango uruhusiwe kumtaja. Jina la Mama Asha huenda njia nyingine, uhusiano ukitangulia na mtu akajulikana kwa huo. Lakini jina hilo nalo halipingani na hoja yangu. Asha akifariki, mtaa haumfuti mama yake. Ataendelea kuwa Mama Asha ingawa ufunguo wake unaelekea kwa asiyekuwapo, hali ambayo hifadhidata yenye ulinzi ingeikataa, na kinachomshikilia katika jina lile ni midomo ya majirani.

Kikoba kikiikubali dawa moja tu ya mafundi, injini ikaamriwa isirudie namba, SQLite hufungua jedwali dogo la kwake, liitwalo sqlite_sequence. Lina safu mbili: jina la jedwali, na namba kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa humo. Tuseme Mwanaidi amerudishiwa fedha zake, mstari wake ukafutwa na mistari ya michango yake pia. Hakuna jedwali litakalokuwa na jina lake. Katika jedwali lile dogo patasomeka wanachama, na mbele yake 30, na Rehema akija ataandikwa 31.