Kuhesabu Maneno na Kumhukumu Mtunzi

Mwaka 1995 mwandishi na mwanafalsafa Iris Murdoch alichapisha nchini Uingereza riwaya yake ya mwisho, Jackson's Dilemma. Alifariki mwaka 1999, na uchunguzi wa ubongo wake ukathibitisha kwamba alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2005 Peter Garrard na wenzake walitumia kompyuta kuilinganisha riwaya hiyo na mbili zilizoitangulia, Under the Net (1954) na The Sea, the Sea (1978). Ilidhihirika kwamba miundo ya sentensi haikuwa imebadilika sana. Msamiati ndio uliokuwa umepungua.

Swali linalozuka hapa si la kitabibu pekee. Je, ni haki kuigeuza kazi ya sanaa kuwa cheti cha maradhi? Mtunzi humkabidhi msomaji kitabu akisome. Hamkabidhi ubongo wake aupime.

Yaweza kujibiwa kwamba maarifa haya yatawafaa walio hai: dalili zikitambuliwa mapema, mgonjwa hupata nafasi ya kupanga mambo yake angali na uwezo wa kuamua. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, idadi haijifasiri yenyewe. Mashine ya kuhesabu maneno ikipewa shairi la Kiswahili lenye kibwagizo, itaiona takriri kuwa ni umaskini wa msamiati, ilhali ni ufundi. Riwaya ya Murdoch iliweza kupimwa kwa sababu ililinganishwa na kazi zake mwenyewe za awali, wala si na kipimo kimoja cha watu wote.

Murdoch mwenyewe, katika The Sovereignty of Good (1970), alishikilia kwamba wema huhitaji kumtazama mwenzio kwa makini, kwa haki na kwa upendo. Kwa kigezo hicho, kuyachunguza maneno ya mzee kwa ridhaa yake, ili asaidiwe, ni sehemu ya kumtazama hivyo. Kuyachunguza kwa siri, ili anyimwe kauli juu ya mali au kazi yake, ni kinyume chake.

Marehemu hawezi kuombwa ridhaa. Kwa hiyo mhakiki ana wajibu wa kukisoma kitabu kwanza kama kitabu. Tarakimu zaweza kuonyesha msamiati uliopotea. Yaliyosemwa kwa msamiati uliobaki hayana budi kusomwa.