Kazi ni Haki, si Sadaka

Mtu mwenye ulemavu akituomba msaada, wengi wetu twatia mkono mfukoni, twampa kidogo tulicho nacho, kisha twaendelea na safari kwa moyo mweupe. Akija mtu yule yule kuomba kazi, mkono husita. Yatupasa tujiulize: kwa nini kumpa sadaka ni rahisi kuliko kumpa kazi?

Serikali imekwisha kunena. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ni sheria njema, wala hatuibezi. Ila asilimia 3 ya watu 20 haifikii hata mtu mmoja kamili. Na penye wafanyakazi pungufu ya 20, sharti hilo halifiki.

Tutazame Ndagoni, katika kisiwa cha Mafia, ambako watu huishi kwa bahari na minazi. Chombo cha uvuvi, duka, shamba la minazi: ni nadra kimojawapo kuwa na watu 20. Hapo sheria hunyamaza, na dhamiri ya mwenye mali ndiyo hubaki kuwa hakimu. Nazo Ndagoni ni nyingi katika nchi yetu.

Wako watakaosema: mwenye mali hutafuta faida, atamlipaje asiyeweza kazi? Neno hilo si la kupuuzwa, maana hakuna anayedai mtu alipwe kwa kukaa bure. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Chomboni nahodha hushika usukani, wengine huvuta nyavu, mwingine hufua maji. Hakuna afanyaye yote. Sisi tujiitao wazima tumegawiwa kazi kwa kadiri ya uwezo wetu, wala hatusemi kwamba tumependelewa. Basi asiyeweza kusimama aweza kushona nyavu. Asiyesikia aweza kuunda vyombo. Asiyeona aweza kusokota kamba. Na aliyesoma, hata akiwa hana miguu, aweza kushika daftari la mauzo.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zake zote, na kwamba kuwapokea kazini wenye nguvu peke yao ni kuukana utu wetu sote.

Tena kazi humpa mtu zaidi ya ujira. Aishiye kwa sadaka hungoja huruma ya wengine kila kukicha. Mwenye kazi humsomesha mwanawe, huchangia msiba wa jirani, na neno lake husikilizwa barazani. Kumnyima hayo ni kumwongezea ulemavu wa pili, nao umetoka mikononi mwetu.

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Mwenye kuajiri, kabla hujauliza mtu huyu amepungukiwa nini, uliza aweza nini. Nanyi wazazi, msimfiche mtoto ndani. Mpelekeni shule, kwani mlango wa kazi huanza kufunguliwa nyumbani.