Hivi, Nitarudi?



Mwaka jana nilikuwa likizo nyumbani Kirongwe, baba mkubwa akazidiwa. Ni mwalimu mstaafu aliyekuja Mafia kufundisha, akabaki. Ikaamuliwa apelekwe Dar: gari hadi Kilindoni, boti hadi Nyamisati, kisha barabara. Usiku ule akaniita. "Hivi, mwanangu, nitarudi?"

Jamani, nina shahada ya falsafa. Naweza kukueleza Sokrate alivyokikabili kifo. Lakini nilijibu haraka: "Utarudi tu, baba. Usiwaze hayo." Akanyamaza, akageukia ukutani.

Asubuhi akaja jirani, mzee wa Kiislamu aliyecheza naye bao miaka mingi. Akamshika mkono. "Mwalimu, safari ni safari. Tuombane radhi." Wakaombana radhi, machozi yakawatoka wote wawili. Baada ya hapo baba mkubwa akatulia kabisa.

Hakurudi. Padre alimkuta Dar akiwa hana fahamu. Alimpa Mpako wa Wagonjwa, lakini Komunyo hakuweza tena kuipokea. Kama ningekuwa mkweli usiku ule, tungemwita padre kabla ya boti.

Tangu hapo, Oktoba 14 inanigusa kwa namna nyingine. Mwaka 1999 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa akiugua saratani ya damu, alifia London, katika hospitali ya St Thomas', mbali na Butiama. Alikuwa bado na kazi mkononi: usuluhishi wa amani ya Burundi. Wengi wanamkumbuka kwa kusema kwamba anajua hatapona, anasikitika kuwaacha Watanzania, na atawaombea kwa Mungu. Huyu ndiye Mtumishi wa Mungu ambaye mchakato wake wa kutangazwa mwenye heri ulianzia Jimbo la Musoma. Angalieni: kwa kuwa aliujua ukweli, aliweza kuaga. Kitanda cha hospitali ya ugenini kikawa mahali pa kuwafikiria wengine.

Someni Mathayo 16:21-23. Yesu anawaambia wanafunzi kwamba anakwenda Yerusalemu na huko atauawa. Petro anamvuta pembeni: hapana Bwana, hayatakupata hayo! Kiukweli Petro alimpenda. Lakini Yesu alimkemea vikali. Ile "utarudi tu" yangu ilikuwa ya Petro. Niliiita faraja, kumbe nilikuwa naukimbia woga wangu mwenyewe.

Sisemi tuwakatishe wagonjwa tamaa. Tiba itafutwe, hata nje ya nchi, na tusali wapone. Ila mgonjwa akikuuliza swali lile, usilizime. Kaa naye. Mwambie, "Sijui, baba. Unaogopa nini?" Kisha mwite padre mapema. Mpako wa Wagonjwa si hati ya kifo. Ni nguvu kwa mgonjwa, na haungoji dakika ya mwisho. Na Kanisa lina Komunyo ya njiani kwa anayekaribia kufa, masurufu ya safari ile ambayo hatuwezi kumsindikiza. Tusimwache mtu aondoke na njaa kwa sababu sisi tunaogopa kusema.

Ee Bwana, uliyepanda kwenda Yerusalemu ukijua kinachokungoja, utupe moyo wa kukaa na wagonjwa wetu bila kuwadanganya. Umpe baba mkubwa raha ya milele. Nami unisamehe.

Tumsifu Yesu Kristo.