Maji yakila mtaji, nani abebe hasara?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, hapa Kiriri tuko juu. Tunaliona Ziwa Tanganyika limetandaa kule chini, na ni rahisi kusahau kwamba maji yamefilisi watu. Aprili 2020 Mto Rusizi ulivunja kingo ukaingia Gatumba, maelfu wakahama. Aprili 2024, baada ya miezi ya mvua za El Niño, serikali yetu na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa ajili ya watu zaidi ya 200,000 walioathirika. Biashara ya ndagala nayo haikusalimika. Tangu mwaka 2003 watafiti wameeleza kwamba joto limezuia maji ya juu ya ziwa kuchanganyika na ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha samaki kimepungua.

Tunasema ni kadari ya Mungu, na ni kweli. Lakini Suratur-Rum, aya ya 41, inauhusisha uharibifu wa bara na bahari na matendo ya watu. Moshi mwingi umetoka katika nchi za viwanda. Muuza mchele wa Gatumba hakuuwasha moto huo, ila maji yameingia dukani kwake.

Basi nauliza: hasara hiyo abebe nani? Mara nyingi tunamwachia mnyonge. Duka limezama, lakini mkopeshaji anadai rejesho na riba juu yake, na mwenye nyumba anadai kodi ileile.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Katika Sahih Muslim, Jabir bin Abdillah (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru kuondolewa madai yanayotokana na jawaih, yaani majanga ya mbinguni yanayoharibu matunda yaliyouzwa. Imam Malik aliliona hilo kuwa wajibu hasara ikifika theluthi; wengine, akiwemo Abu Hanifa, wakaliona kuwa ni jambo la kupendekezwa. Hakuna aliyeliona kuwa upuuzi. Katika ijara, mpangaji hulipia manufaa. Manufaa yakiondoka bila kosa lake, kodi nayo huondoka. Katika mudharaba, mtaji ukipotea bila uzembe wa mfanyabiashara, mwenye mali ndiye hubeba hasara ya mali, na mwenzake amepoteza jasho lake. Na mdaiwa aliyekwama, Suratul-Baqara, aya ya 280, inaamuru apewe muda, na inasifu kumsamehe.

Zaka pia ina mlango wake. Wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane ya Suratut-Tawba, aya ya 60. Na Qabisa bin Mukhariq (r.a.) amepokea kwamba aliyepatwa na janga likaangamiza mali yake ni katika watu watatu walioruhusiwa kuomba mpaka wapate cha kujikimu. Basi mfanyabiashara huyo akibisha hodi msikitini, tusimtazame kama mvivu. Amekuja kuchukua haki yake.

Nawaambia haya ninyi kwa sababu kesho ndio mtakaokaa benki mkiandika mikataba ya mikopo, mtakaokuwa mawakili, mtakaorithi nyumba za kupangisha kule Buyenzi. Mkataba usiotaja mafuriko, katika mji huu, umeshamchagua wa kuumia. Andikeni ndani yake muda wa nyongeza na msamaha wa kodi janga likitokea. Na wakati huu wa masomo, kila mmoja amtafute mfanyabiashara mmoja katika jamaa zake aliyepigwa na maji, aulize anadaiwa nini na nani, kisha amsemee kwa mdai wake kwa adabu. Mdai akiwa ni baba yako au mjomba wako, anza hapo.

Ewe Mola, wape waliopoteza badala iliyo bora, zilainishe nyoyo za wanaodai, na utujaalie riziki ya halali isiyo na jasho la mnyonge ndani yake. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.