Kabla Jasho Halijakauka

Mtu akitaka kutetea alichonacho, hasemi "nilikipata kwa akili zangu." Husema, "Hili ni jasho langu." Nyumba, duka, hata simu ya kulipa mdogo mdogo: jasho langu. Na tukitaka kumlaani mtu, twasema anakula jasho la wenziwe. Lugha yetu imelifanya jasho kuwa hati ya kumiliki. Lakini je, ni hati kweli? Na kama ni hati, mbona wanaotokwa na jasho zaidi Mombasa ndio wenye kumiliki kidogo?

Tuanze na mwili wenyewe, manake watu wengi hukimbilia maneno makubwa wakaiacha ngozi nyuma.

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufika karibu mita mbili za mraba, na ndani yake mna tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Jasho lenyewe karibu lote ni maji, na chumvi kidogo. Kinachopoza mwili si kule kutoka kwake, ni kukauka kwake: maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Kukauka kwa lita moja ya jasho huchukua joto mara saba hivi ya lile linalotosha kuchemsha lita moja ya maji ya bomba. Hiyo ndiyo mashine ya kupozea tuliyozaliwa nayo, na haina bili ya stima.

Sasa ipeleke mashine hiyo Bondeni, mwezi wa Februari, saa saba mchana, kaskazi imeleta joto lake. Hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho halina pa kwenda. Badala ya kukauka linatiririka. Hamali anayesukuma mkokoteni kutoka Marikiti kuelekea Makadara anaacha matone njiani, na kila tone linaloanguka chini halikumpoza hata chembe. Mkokoteni wenye mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, hujahesabu mbao wala magurudumu. Anasukuma maji ya watu huku yake yanamvuja.

Kwa hivyo jasho si kipimo cha kazi. Kazi ileile ikifanywa Limuru kwenye baridi haitoi jasho kama hilo. Karani aliye chini ya AC anafanya kazi, tena ngumu, na shati lake kavu. Kwa upande mwingine, keti Bondeni jioni ule viazi karai na pilipili ya ukwaju: paji la uso litalowa na hujainua kitu. David Julius, mmoja wa wawili waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, ndiye aliyeitumia pilipili kugundua kihisi cha neva kinachotambua joto la kuunguza. Kihisi hicho hicho huamshwa na pilipili, basi mwili unadhani unaungua na unaanza kujipoza. Viganja navyo hutoka jasho kwa hofu tu, au kwa haya. Mwizi anayejificha darini pia anatokwa na jasho. Likiwa hati ya kumiliki, basi hata yeye anayo.

Yule mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1689 kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu cha asili kisicho cha mtu, kitu hicho huwa chake. Hoja tamu, lakini ilete huku. Mahamali wamechanganya kazi yao na magunia, mawe na mbao za mji huu kwa vizazi, na wengi wao hawana hata baraza la kukalia. Utaambiwa, "Lakini si alikubali bei mwenyewe?" Naam, alikubali. Makubaliano ya mwenye kiu na mwenye kisima pia ni makubaliano.

Hapa pwani tuna fikra nyingine ya zamani kuliko ya Locke, na mimi naiona nzito zaidi. Ni yale mafundisho ya Mtume ambayo kila mtoto wa madrasa ameyasikia: kwamba mwenye kukufanyia kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tazama mafundisho hayo hayasemi nini. Hayasemi jasho linamfanya mtu amiliki mzigo. Yanasema jasho linaweka muda. Deni linapimwa kwa mwili wa unayedaiwa naye, si kwa kalenda yako wewe, wala kwa "nitakutumia baadaye, bro, sasa sina kwa simu."

Mtu wa utani atasema Mombasa jasho halikauki haraka, kwa hivyo tajiri ana siku nzima. Lakini ndipo utani unapouma. Jasho lisilokauka ni la mtu ambaye bado anawaka ndani. Kadiri hewa inavyomnyima nafuu, ndivyo anavyohitaji chake upesi: anunue maji, akae kivulini, asichukue mzigo mwingine leo.

Mji huu umewahi kukumbushwa deni hilo kwa nguvu. Januari 1947, wafanyakazi kama 15,000 wa Mombasa, wa bandarini, wa reli, wa hotelini hadi wapishi wa majumbani, waliacha kazi kwa siku kumi na mbili hivi. Mji ulisimama. Waliokuwa hawaonekani wakaonekana kwa kutokuwepo.

Mbona ikabidi waondoke ndio waonekane? Nadhani ngozi inatupa jibu. Asubuhi ukivaa shati unalihisi begani, baada ya dakika chache hulihisi tena. Halijaondoka, ni wewe umezoea. Vihisi vingi vya mguso huita pale kitu kinapoanza kugusa na pale kinapoachilia, katikati vikanyamaza. Na ni heri hivyo, tungepata wazimu kwa kuhisi kila uzi. Ila mji nao huzoea. Kengele ya mkokoteni nyuma yako unaisikia mara moja, unasogea, basi. Aliye nyuma ya kengele amekuwa shati. Maumivu lakini hayazoeleki kirahisi. Wewe umezoea mzigo wake, yeye hajauzoea.

Ndiyo maana naujali mguso. Aristotle alisema mnyama anaweza kukosa hisi nyingine akaishi, lakini si hii. Na ina jambo ambalo macho hayana: naweza kukuona usinione, ila siwezi kukugusa bila nami kuguswa. Ncha ya kidole hutofautisha nukta mbili zilizoachana milimita 2 au 3. Ukipewa mkono na hamali, kiganja chako kitasoma sugu zake kabla hujafikiri neno la kumwambia, na chake kitakusoma ulaini wako. Zamani malipo yalikuwa hivyo, noti ya mkono kwa mkono. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 twaweza kulipa mtu bila hata kumtazama. Siilaani, inaokoa wengi wasiibiwe. Nasema tu kwamba ule mguso mdogo, uliokuwa unakuja bure pamoja na pesa, sasa haupo.

Mwezi Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa kwa korona, sote tuliambiwa tusigusane. Ikajulikana haraka kwamba kutogusa nako ni mali. Mwenye uwezo alikaa ndani akaletewa, na aliyeleta aligusa kila kitu.

Lakini tusiufanye mguso kuwa dawa ya kila kitu. Dada aliyepapaswa kwenye matatu iliyojaa hahitaji kuhubiriwa uzuri wa kuguswa. Na huku kwetu mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawapeani mikono: mtu huweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, na heshima yote inafika. Kwa hivyo heshima haimo katika kugusa kwenyewe. Imo katika kujua kwamba pale mbele yako pana ngozi, na ngozi hiyo inahisi kama yako. Kumpa hamali mkono kwa bashasha kisha ukamkata shilingi hamsini ni dharau iliyojipaka marashi.

Basi nikiulizwa, jasho si hati ya kumiliki. Ni ushahidi wa jambo dogo zaidi, na gumu zaidi kulikwepa: kwamba mwili fulani umebeba joto ambalo vinginevyo lingekuwa lako. Mtungi ungeupandisha wewe hadi ghorofa ya tatu. Huwezi kurudisha joto hilo, wala huwezi kumkaushia mtu jasho. Kilichobaki mkononi mwako ni bei isiyotumia njaa yake, na muda. Mitungi ikishatuliwa mlangoni, mzee wa watu akiwa bado anahema, mwambie pole, muulize kama atakunywa maji, na umpe chake papo hapo.