Ndoa ya Leta na Ndoa ya Kanisa

Huku Yangambi mara nyingi twawasikia watu wakihesabu ndoa tatu. Ya kwanza ni ndoa ya jamaa, mahari inapopokelewa. Ya pili ni ndoa ya Leta, majina yanapoandikwa katika kitabu cha serikali. Ya tatu ni ndoa ya Kanisa. Na hiyo ya tatu huwekwa nyuma kama nguo ya sikukuu: ikipatikana ni vizuri, isipopatikana mtu hatembei uchi. Basi Wakristu wengi wakaa hivyo miaka kumi, hata ishirini. Watoto wao waenda kupokea Komunyo ya kwanza, na baba na mama wamebaki kwenye benchi.

Je, hesabu hiyo ni ya kweli?

Hatuidharau kazi ya Leta. Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987, iliyosahihishwa mwaka 2016, yataka ridhaa ya wote wawili, yataka mahari, na yakataza kumwoza asiyetimiza miaka 18. Mjane mwenye karatasi ana neno la kusema mbele ya ndugu za marehemu wanaokuja kubeba vitanda na sufuria. Kanisa nalo lamkataza Padri kusimamia ndoa ambayo serikali haiwezi kuikubali, pasipo ruhusa ya Askofu, isipokuwa penye haja kubwa. Lakini sheria hiyohiyo yampa hakimu uwezo wa kuivunja ndoa iliyoharibika kabisa. Ndivyo yalivyo mapatano ya wanadamu: waliofunga waweza kufungua.

Watu wa hapa wayajua sana mapatano. Wabelgiji walipoanzisha INEAC mwaka 1933 na kuweka kituo chake kikubwa Yangambi, wafanyakazi walikuja toka mbali, kila mmoja na karatasi yake: kazi hii, mshahara huu, muda huu. Muda ukiisha, watu huagana, wala hakuna aliyekosa. Ubaya ni kumchukua mke kwa karatasi ya namna hiyo. Na wako wafanyao hivyo pasipo kusema. “Azae kwanza.” “Nione tabia yake kwanza.” Twaamini kwamba hiyo ndiyo sababu ya kweli, kuliko ufukara, ingawa ufukara ndio unaotajwa kwa Padri.

Sasa Kanisa lafundisha nini? Lafundisha kwamba kwa waliobatizwa Kristu aliinua patano lenyewe la mume na mke liwe sakramenti. Hakuongeza sherehe nyingine juu yake. Kanuni ya 1055 ya Sheria ya Kanisa yasema hivyo wazi. Katika Kanisa letu la Kilatini Padri siye anayewapa maarusi sakramenti hiyo. Wao wenyewe hupeana kwa neno la ridhaa, naye huipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru awepo Padri pamoja na mashahidi kwa sababu ya ndoa za siri: mwanamume aliapa usiku, akakana asubuhi. Hata leo, kama Padri hawezi kupatikana kwa muda wa mwezi mmoja, ridhaa mbele ya mashahidi wawili yatosha. Kwa hiyo Mkatoliki aliyeishia kwa Leta hajapata nusu ya sakramenti. Sakramenti haina nusu.

Mtu atatuuliza: na mke apigwaye kila siku? Kanisa lamruhusu kuondoka na kukaa mbali, kifungo chabaki. Ni neno gumu, wala hatutalilainisha. Mitume wenyewe walipolisikia walisema, kama ndivyo, afadhali mtu asioe.

Katika mashamba ya mpira hapa Yangambi mafundi huchukua jicho la mti mzuri, wakalitia katika gome la shina changa na kulifunga kwa utepe. Kabla halijashika, fundi aweza kulitoa. Likishika, shina la kale hukatwa juu, na tangu siku hiyo hakuna awezaye kulidai jicho lirudi. Utepe ulikuwa na kazi yake, nao huondolewa.

Wengine wangoja fedha za bia na vitenge vya sare. Hayo hayamo katika sheria yoyote ya Kanisa. Misa ya alfajiri siku ya kazi, mashahidi wawili, nguo safi za kila siku, na kabla jua halijawa kali mume yuko shambani kwake.